Jumba la Thames lina somo kwa watu wa Turkwel

Na Mwandishi Wetu, KANAMKEMER

UKIWAULIZA vijana wa Kanamkemer wanaocheza ngoma na kuigiza ni kitu gani wanachokikosa zaidi, usishangae wakikujibu kwa neno moja: ukumbi. Nyimbo wanazo, mavazi wanayo, na vipaji Mungu amewajalia. Pa kuonyeshea ndipo penye taabu. Leo watafanya mazoezi chini ya mti, kesho darasani baada ya wanafunzi kwenda nyumbani, na keshokutwa kwenye uwanja wa kanisa ikiwa hakuna arusi. Siku ya onyesho ikifika, huenda wakakuta uwanja umechukuliwa na mechi ya kandanda au mkutano wa siasa, na ngoma ikaahirishwa mpaka Mungu atakapopenda.

Kanamkemer ni mojawapo ya wadi za Turkana ya Kati, katika mji wa Lodwar, na jirani yake mkubwa ni Mto Turkwel. Mto huo huanzia mbali, huko Mlima Elgon, ukaingia katika bwawa la Turkwel lililokamilika mwaka 1991, kisha ukalikata jangwa mpaka Ziwa Turkana. Kandokando yake husimama mikoma na migunga, na kivuli chake ni kitu ambacho mtu wa Lodwar hukithamini kuliko pazia la hariri.

Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mji huu umepanuka kwa kasi. Ofisi zimejengwa, hoteli zimeongezeka, na mahali palipokuwa malisho ya mbuzi sasa pamepigwa vigingi vya ploti. Ndiyo sababu suala la ukumbi si jambo la vijana peke yao. Kila ploti inayouzwa hupunguza nafasi ambayo watu wangeweza kukusanyika bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wengi wanapotaja ukumbi wa kisasa, huwa na picha ya jumba la vioo na zege katika mji mkubwa wa Ulaya, lenye viti vyekundu vya kukunja, mashine za kupoza hewa na taa za rangi saba. Wakishaipiga hesabu gharama yake, hukata tamaa. Hebu basi, msomaji, tusafiri pamoja hadi katika mojawapo ya miji hiyo mikubwa, tukalitazame jumba moja la kando ya mto ambalo hupokea wageni kutoka pembe zote za dunia. Huenda tukarudi na hesabu tofauti.

Kuvuka mto kwa miguu

Chukulia umefika London na umesimama karibu na kanisa kuu la St Paul's, lile lenye kuba kubwa. Mbele yako kuna daraja la chuma la watu waendao kwa miguu, liitwalo Millennium. Lilifunguliwa mwaka 2000, likafungwa baada ya siku mbili tu kwa kuwa lilikuwa likiyumba chini ya miguu ya watu, kisha likarekebishwa na kufunguliwa tena mwaka 2002. Chini ya daraja ni Mto Thames, maji yake ya rangi ya matope, yakijaa na kupwa mara mbili kwa siku kama bahari ya Mombasa.

Ng'ambo utaliona jengo kubwa la matofali lenye dohani ndefu. Zamani lilikuwa kituo cha kuzalisha umeme, na tangu mwaka 2000 ni nyumba ya sanaa iitwayo Tate Modern. Sasa geuza macho kushoto kidogo. Pale, kati ya majengo ya kisasa, kuna nyumba ya mviringo yenye kuta nyeupe zilizokatwa na boriti za mbao, na juu yake paa la nyasi. Naam, nyasi, katikati ya London. Jumba hilo huitwa Shakespeare's Globe.

Lilifunguliwa rasmi mwaka 1997, kwa hiyo ni la kisasa. Hata hivyo, waliolijenga walikusudia kulirudisha jumba la zamani ambamo tamthilia za William Shakespeare zilichezwa mwanzoni mwa karne ya 17. Basi wakaacha chuma na zege wakachukua mbao za mwaloni, wakaziunganisha kwa vigingi vya mti badala ya misumari. Paa waliliezeka kwa matete yaliyovunwa katika jimbo la Norfolk. Lilikuwa paa la kwanza la nyasi kuruhusiwa London tangu moto mkuu ulioteketeza mji huo mwaka 1666, na ruhusa yenyewe ilipatikana kwa masharti, yakiwemo mabomba ya kunyunyizia maji juu ya paa.

Kuta nazo zilikandikwa kwa chokaa na mchanga vilivyochanganywa na manyoya ya mbuzi, ili ukuta ushikamane usipasuke. Ndiyo, msomaji wa Turkana, umesoma sawasawa. Katika jumba ambalo watalii hupanda ndege kwenda kulitazama, kuta zinashikwa na manyoya ya mbuzi! Hapa Lodwar mbuzi hao hao hutembea mbele ya milango yetu, na hakuna anayedhani kwamba wanaweza kuchangia jambo lolote katika sanaa ila nyama ya siku ya sherehe.

Ndani hamna paa katikati

Ingia ndani sasa. Utajikuta katika uwanja ulio wazi juu, mbingu zikionekana. Mbele yako ni jukwaa lililofunikwa na paa dogo linaloshikiliwa na nguzo mbili zilizopakwa rangi. Uwanja huo huchukua watu wapatao 700, wote wamesimama. Wanaotaka kukaa hulipa zaidi, wakapanda katika ghorofa tatu za mabenchi yanayouzunguka uwanja. Mabenchi ni ya mbao tupu, na mtu mwenye mgongo laini hukodi mto wa kukalia.

Mvua ikinyesha, anayesimama uwanjani huloa. Mwavuli hauruhusiwi, kwa sababu utamzuia aliye nyuma asione. Kwa miaka mingi tiketi ya kusimama iliuzwa pauni 5, pesa ambazo kwa viwango vya sasa hazifiki shilingi 1,000 za Kenya. Kwa bei hiyo maskini wa London aliweza kusimama karibu na mwigizaji kiasi cha kumwona jasho likimtoka, ilhali tajiri amekaa juu, mbali zaidi.

Pazia kubwa la mbele halipo. Watazamaji hawaketi gizani, kwa maana mwanga unaomwangaza mwigizaji ndio unaowaangaza wao pia. Mwigizaji huwatazama machoni, huwauliza swali, hujibiwa, na mara nyingine hupita katikati yao. Hapana shaka mzee yeyote wa Turkana aliyewahi kushiriki mkutano wa wazee chini ya mti angelitambua jambo hili mara moja.

Ukumbi uliohamishwa

Historia ya jumba hili ina kisa kimoja ambacho kila mwenye ploti angefaa akijue. Mwaka 1576 seremala na mwigizaji James Burbage alijenga jumba la michezo huko Shoreditch, upande wa kaskazini wa London. Jumba lilikuwa lake, lakini ardhi ilikuwa ya mtu mwingine, Giles Allen, na mkataba wa kuikodi ulikuwa wa miaka 21. Mkataba ulipokwisha mwaka 1597, mwenye ardhi na wenye jumba hawakuelewana. Burbage alikuwa amekwisha kufariki, na wanawe wakajikuta na jumba wasiloweza kulitumia.

Walifanya nini? Mwisho wa Desemba 1598, Allen akiwa ameondoka mjini kwa sikukuu, ndugu hao walikwenda na seremala Peter Street na vibarua wao, wakalibomoa jumba lote, boriti kwa boriti. Baadaye mbao zile zilivushwa Thames, na mwaka 1599 jumba jipya likasimama upande wa kusini wa mto. Hilo ndilo Globe la kwanza. Allen alikwenda mahakamani, lakini hakufanikiwa kuzirudisha mbao.

Jumba hilo nalo halikudumu. Mwezi Juni 1613, wakati wa mchezo uliomhusu Mfalme Henry wa Nane, mzinga ulipigwa kwa ajili ya shangwe na cheche zikaangukia paa la nyasi. Lote liliteketea. Inasimuliwa kwamba hakuna aliyekufa, ila bwana mmoja alishikwa na moto kwenye suruali, na aliyemwokoa alimmwagia pombe. Jumba lilijengwa upya mwaka uliofuata, safari hii kwa vigae. Mwaka 1642 majumba ya michezo yalifungwa kwa amri ya Bunge, na miaka miwili baadaye Globe likabomolewa kupisha nyumba za kupangisha. Hata Shakespeare mwenyewe, angefufuka, asingekuwa na nguvu mbele ya mwenye ploti.

Miaka 27 ya Wanamaker

Zaidi ya miaka 300 ilipita. Mwaka 1949 mwigizaji wa Marekani, Sam Wanamaker, mzaliwa wa Chicago, alifika London akatafuta mahali lilipokuwa jumba hilo maarufu. Alichokikuta ni kibao cha shaba kwenye ukuta wa kiwanda cha pombe. Jambo hilo lilimkera. Mwaka 1970 aliunda amana ya kulijenga upya, akaanza kazi ya kuomba michango na kugonga milango ya wakuu.

Si wote waliofurahi. Wapo waliomcheka wakasema Mmarekani anataka kujenga kichezeo cha watalii. Baraza la mtaa wa Southwark lilitaka ardhi itumiwe kwa mambo mengine, na ugomvi huo ukafika mahakamani katika miaka ya 1980, Wanamaker akashinda. Kazi iliendelea polepole kwa kadiri pesa zilivyopatikana, na majina ya waliochanga yakachongwa kwenye mawe ya uwanja wa nje. Wanamaker alifariki Desemba 1993 kabla ya kuliona jumba limekamilika. Msanifu wake, Theo Crosby, alifariki mwaka uliofuata. Milango ilifunguliwa rasmi 1997, miaka 27 baada ya amana kuundwa.

Hata sasa jumba hilo haliishi kwa ruzuku ya kila mwaka ya serikali. Huendeshwa kwa tiketi, masomo ya wanafunzi, matembezi ya wageni, duka na wafadhili. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga milango, wenyewe walionya kwamba lingeweza kufilisika, na likahitaji msaada wa dharura. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kumaliza kujenga ndio mwisho wa taabu. Nyumba ni kuitunza.

Kiswahili kando ya Thames

Sasa tufike kwenye jambo litakalomfanya msomaji wetu atabasamu. Mwaka 2012, London ilipokuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki, jumba la Globe liliita vikundi kutoka pande zote za dunia vicheze tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37, moja kwa kila lugha. Lugha ya ishara ya viziwi wa Uingereza nayo ilipewa nafasi. Na Kiswahili kilikuwamo.

Waigizaji kutoka Nairobi, wakiwa pamoja na malenga wa Tanzania Mrisho Mpoto, walicheza Wanawake wa Heri wa Winsa mwezi wa Aprili. Mpoto alikuwa Falstaff, bwana mnene aliyeishiwa pesa, anayewaandikia wake wawili wa watu barua za mapenzi zenye maneno yale yale, akitumaini kuzifikia pochi za waume zao. Wanawake wenyewe wanalinganisha barua, wanamtega, wanamficha ndani ya kikapu cha nguo chafu, na mwisho wake anatupwa katika mto. Mto wenyewe ni Thames, ule ule uliokuwa ukipita hatua chache kutoka jukwaani.

Fikiria, basi. Waingereza waliokuwa hawajui "habari yako" walisimama kwenye uwanja ule kutazama kisa chao wenyewe kwa Kiswahili, bila jukwaa kubadilishwa wala mandhari kubebwa kutoka Nairobi. Kwa wapenzi wa Kiswahili, Shakespeare hakuwa mgeni. Mwalimu Julius Nyerere alikwisha kututafsiria Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tofauti ni kwamba safari hii Kiswahili ndicho kilichompelekea Mwingereza Shakespeare mlangoni kwake.

Siku chache baadaye, kwenye jukwaa lile lile, walipanda watu wa Sudan Kusini. Nchi yao ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, uliopatikana tarehe 9 Julai 2011. Walicheza Cymbeline kwa Kiarabu cha Juba, kisa cha taifa linalokataa kulipa kodi kwa dola kubwa ya Rumi. Kiarabu hicho cha Juba si lugha ngeni katika kaunti ya Turkana. Kambi ya Kakuma, kama kilomita 120 kutoka Lodwar, ilianzishwa mwaka 1992 walipowasili wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu wakikimbia vita. Lugha iliyopigiwa makofi kando ya Thames huzungumzwa katika maduka ya Kakuma kila siku ya Mungu.

Tulicho nacho

Turudi nyumbani sasa, tuangalie kama kweli sisi ni maskini wa kumbi kama tunavyodhani.

Waturkana wana akiriket, mkutano wa wanaume unaokaa kwa nusu duara, kila mtu mahali pake kulingana na rika na heshima. Mzee husimama mbele akaomba, nao waliokaa huitikia kwa sauti moja. Nusu duara, msemaji mbele, waitikiaji wakitazamana naye mchana kweupe: ni umbo lile lile ambalo wajenzi wa London walitumia miaka mingi kulirudisha. Viti navyo havina haja ya kununuliwa. Mzee wa Kiturkana hutembea na ekicholong chake, kile kigoda kidogo cha mti anachokikalia mchana na kukilalia kichwa. Wazungu wanapokodi mito ya kukalia, yeye amekuja na kiti chake mkononi.

Kuna edonga, ngoma ya kuruka ambayo vishindo vya miguu ndivyo mdundo wake. Kuna nyimbo ambazo mwanamume humsifu kwazo ng'ombe dume wake ampendaye, akimtaja rangi na pembe. Kuna tamasha la Tobong'u Lore, maana yake karibu tena nyumbani, ambalo kaunti imekuwa ikiliandaa katika kituo cha Ekaales mjini Lodwar. Huko hukutana jamaa wa Ateker: Waturkana, Wakaramoja na Wateso kutoka Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini, Wanyangatom wa Ethiopia. Vyumba vya hoteli hujaa, mama wa shanga huuza, na boda boda hazilali.

Kakuma nako, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la FilmAid lilionyesha filamu usiku katika uwanja wazi, skrini ikibebwa na lori, na watu wakikaa mchangani chini ya nyota. Juni 2018 kambi hiyo iliandaa mkutano wa TEDx, wakimbizi na wageni wakisimama jukwaani kusimulia maisha yao mbele ya dunia nzima. Haya yote yalifanyika pasipo jumba la vioo.

Kwa hiyo kinachokosekana si umbo la ukumbi, si wachezaji wala watazamaji. Kinachokosekana ni kipande cha ardhi kilichotengwa kwa kazi hiyo, chenye karatasi, ambacho hakuna atakayekuja kesho kukipiga vigingi. Tamasha la mara moja kwa mwaka ni jema, lakini kijana anayeigiza anahitaji mahali pa Jumamosi hii na Jumamosi ijayo.

Kisa cha Kamĩrĩĩthũ

Hapa Kenya tuna ushahidi kwamba wananchi wa kawaida wanaweza kujijengea ukumbi. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi. Humo walicheza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Watu walimiminika kuitazama. Novemba mwaka huo huo serikali iliondoa leseni ya maonyesho, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ulibomolewa. Ngũgĩ aliaga dunia Mei 2025 akiwa Marekani, na ukumbi ule haukusimama tena.

Ukilinganisha Globe na Kamĩrĩĩthũ, utaona kwamba vyote viwili vilijengwa kwa vifaa vya kawaida na michango ya watu, na vyote vilikuwa wazi juu. Kilichovitenganisha ni ulinzi. Kimoja kilikuwa na amana, karatasi na mahakama iliyokubali kukisikiliza. Kingine kilikuwa na upendo wa watu tu, na siku ya tingatinga upendo haukutosha.

"Mwenye njaa atakula ngoma?"

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza: kaunti iliyopigwa na ukame mkali kati ya 2020 na 2023, ambako mifugo ilikufa na watoto wakadhoofika, yafaa kuzungumzia maigizo? Mwenye njaa atakula ngoma?

Hatusemi ukumbi utangulie maji, zahanati au chakula cha shule. Tunachosema ni kwamba kutenga ardhi hakuchukui pesa za maji. Na tusisahau mambo yanayohitaji kuzungumzwa katika kaunti hii. Mafuta yaligunduliwa Lokichar mwaka 2012, na maswali ya nani atanufaika hayajaisha. Wakimbizi na wenyeji wanajifunza kuishi pamoja Kakuma na Kalobeyei. Malisho hugombaniwa. Mambo kama hayo mtu huyaelewa vizuri zaidi akiyaona yakichezwa na watu anaowafahamu, kwa lugha yake, kuliko akisomewa hotuba ya kurasa kumi. Kikiwa na mahali pake pa kuigizia, kijiji husema hata yale ambayo barazani watu huyanong'ona.

Pa kuanzia

Je, wakazi wa Kanamkemer wakiamua leo, waanzie wapi?

Kwanza, ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 huruhusu jamii kutenga sehemu ya ardhi yake kwa madhumuni maalumu, na maeneo ya utamaduni yametajwa humo. Pale ambapo ardhi iko chini ya mji, ni juu ya manispaa na kaunti kuionyesha kwenye ramani ya mpango wa mji kuwa ya umma. Vyovyote iwavyo, jina la mtu mmoja, awe mheshimiwa au mfadhili, lisiandikwe kwenye karatasi hiyo. Burbage aliwafundisha wanawe somo hilo kwa gharama kubwa.

Pili, mto uheshimiwe. London yenyewe imejenga milango mikubwa ya chuma ndani ya Thames kuzuia maji ya bahari yasiufurikie mji. Sisi hatuna milango hiyo, na Turkwel, pamoja na lagga ya Kawalase, si vya kufanyiwa mzaha. Mwaka 2020 waishio chini ya bwawa walionywa kwamba maji yalikaribia kumwagika. Ukumbi uwe mahali unapoweza kuuona mto na kupata upepo wake, lakini kwenye mwinuko ambao mafuriko hayaufikii.

Tatu, hali ya hewa iongoze ujenzi. London walilazimika kufunika mabenchi kwa sababu ya mvua. Lodwar mvua ni haba, adui ni jua. Onyesho lianze jioni, joto likipungua. Migunga iliyopo isikatwe, maana hakuna fundi anayeweza kujenga kivuli kama hicho chini ya miaka 30. Ngazi za kukalia zichimbwe kwa nusu duara zikatiwe mawe, na katikati ibaki nafasi ya wenye vigoda vyao. Pawe na maji, vyoo vya wanawake na wanaume, na taa za sola za kuwafikisha watu barabarani salama. Mengine yaweza kungoja.

Nne, siku ijulikane. Afadhali onyesho moja dogo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mwaka mzima, kuliko sherehe moja kubwa ambayo baadaye mbuzi wanabaki kulala jukwaani. Watu wakiizoea siku, hawatahitaji kutangaziwa. Na bei ya mlangoni iwe ile ambayo mama muuza makaa anaweza kuitoa bila kukopa.

Tano, lugha zote zikaribishwe: Kiturkana, Kiswahili, Kiarabu cha Juba, Kisomali na nyinginezo. Mtoto wa Kakuma aliyefika akiwa mkimbizi na mtoto wa Kanamkemer aliyezaliwa kando ya Turkwel wanaweza kucheza mchezo mmoja kabla hata hawajaweza kuandikiana barua.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha London kilichukua miaka 27 kujaa, na aliyekianza hakukiona kimejaa. Tukihesabu vivyo hivyo, msichana wa miaka 13 anayecheza edonga Kanamkemer mwaka huu atakuwa na umri wa miaka 40 siku ukumbi wake utakapokamilika, labda akiwa ndiye mkurugenzi wake. Jumba atalijenga yeye na wenzake, kwa mbinu za wakati wao. Wakubwa wa leo wanaombwa jambo moja dogo, kwamba wakati huo ukifika aikute ardhi yenyewe bado ipo.